Steki kwa Mchuzi Mzito wa Kamba: Mazungumzo na Walaji wa Mbeya na Iringa



Mlo ninaouzungumzia leo zamani uliagizwa hotelini, nao siku hizi unapikwa majumbani, hasa panapokuwa na wageni: kipande cha steki kilichokaangwa, juu yake mchuzi mzito wa krimu na kamba. Nyama ni ya kwetu, maziwa ni ya kwetu. Kamba ndiye mgeni, na kwa sababu hiyo nitakaa naye kwa muda mrefu zaidi.

Kamba wetu huvuliwa pwani, wengi katika maji ya delta ya Rufiji na Bagamoyo. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni takribani kilomita 500. Hadi Mbeya ni zaidi ya 800. Barafu ikiyeyuka njiani, au umeme ukikatika dukani, kisha kamba wakagandishwa upya, muuzaji huenda asiseme neno, lakini pakiti itasema. Shika pakiti mkononi. Kamba waliogandishwa vizuri hutikisika mmoja mmoja. Walioyeyuka wakagandishwa tena hushikamana donge moja, na chini ya mfuko huonekana barafu yenye rangi ya maji machafu. Wakishayeyuka nyumbani wakatoa harufu kali ya kukata pua, usiwaoshe kwa ndimu ukitumaini kuwaokoa. Ndimu huficha harufu. Sumu iliyokwisha kuingia haiondoi.

Lipo pia suala la uzito. Kamba hufunikwa kwa utando wa barafu ili wasikauke, na jambo hilo si kosa. Kosa ni kuuziwa barafu kwa bei ya kamba. Wapime baada ya kuyeyuka, na ukiona uzito umepungua kupita kiasi, hifadhi pakiti na risiti, kisha uwaone Wakala wa Vipimo. Kuhusu ubora na usalama wa chakula chenyewe, tangu mwaka 2019 jukumu hilo lipo chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Nyama inunuliwe katika bucha yenye nyama iliyopigwa muhuri wa ukaguzi. Steki hugharimu zaidi ya nyama ya mchanganyiko, hivyo usikubali kuongezewa mfupa ili mizani ikamilike. Wapo wapendao steki yenye damu katikati. Mimi siwashauri: minyoo aina ya tegu hupatikana katika nyama ya ng'ombe isiyoiva, nayo hufa kwa moto wa kutosha. Nyuzi 70 katikati ya kipande zatosha.

Mapishi ni mafupi. Kausha steki yenye unene wa sentimita 2 kwa kitambaa safi, tia chumvi na pilipili manga, ukaange katika kikaango chenye moto, dakika 4 hadi 5 kila upande, hadi majimaji yasiwe mekundu. Iweke kando. Katika kikaango hichohicho tia siagi na kitunguu saumu, kisha kamba waliomenywa. Wakiwa weupe wenye wekundu na kujikunja, watoe. Mimina nusu kikombe cha krimu, acha ichemke polepole hadi iwe nzito, rudisha kamba. Epua kwanza ndipo ukamulie ndimu, ama sivyo krimu itakatika. Asiye na krimu achemshe maziwa mabichi, ayapoze, ayalaze katika jokofu, na asubuhi aenguе utando wa juu. Maziwa yasiyochemshwa yaweza kubeba brusela na kifua kikuu. Asiyepata kamba wa kuaminika atumie mbasa wa Ziwa Nyasa aliyetolewa miiba; kwa maoni yangu mchuzi haupungui heshima.

Sasa jambo zito. Wengi waliokulia nyanda hizi hawajawahi kula kamba, na wapo ambao mwili wao huwakataa. Kabla ya kupakua, mweleze mgeni kilichomo katika mchuzi; rangi ya krimu huficha kamba kabisa. Midomo ikivimba, ngozi ikiota vipele vinavyowasha, au pumzi ikibana, hata dakika chache baada ya tonge la kwanza, usisubiri wala usimpe maziwa kama dawa. Mpeleke hospitali mara moja, na uchukue pakiti ya kamba ili mganga aione.

Mabaki yasikae mezani zaidi ya saa 2, hata katika baridi ya Juni ya Mbeya. Yawekwe katika jokofu, na kesho yapashwe moto hadi yatoe mvuke, mara moja tu.