KISU CHA KIUNONI: MANENO KWA WANACHAMA KABLA YA MSIMU WA KOROSHO



Tuliposema leo tutazungumzia visu, wengine walicheka. Ati kisu nacho kina hotuba? Kina, ndugu zetu. Panga tunaligonga tusikie mlio wake kabla ya kulilipia, lakini kisu tunachukua kile kinachong'aa. Halafu kinatuumiza.

Kisu tunachosema ni kile kidogo kisichokunjwa, bamba lake kama urefu wa kiganja, kinachokaa kwenye ala kiunoni. Cha kukunja kina kiungo, mchanga wetu unaingia humo, na siku moja kinakukunjikia vidole.

Kwanza, tazameni msuka, yaani kile chuma kinachoingia ndani ya mpini. Visu vingi vya gulioni vina msuka mfupi kama kidole cha mtoto. Ukikaza mkono, mpini unabaki kiganjani, bamba linaruka. Kizuri ni kile ambacho chuma chake kinakwenda mpaka mwisho wa mpini, kikapigiliwa misumari miwili mitatu ya kupitiliza.

Pili, ulizeni chuma. Mhunzi anayefua springi kuukuu ya gari hutoa kisu cha kutegemewa, maana chuma kile kinakubali matiko. Kikizidishiwa matiko huvunjika kama kigae, kikikosa hupinda. Kinashika kutu, kweli, lakini kukipangusa na kukipaka mafuta kidogo si kazi ya kumshinda mtu.

Tatu, kinoleweni. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Sisi tunaongeza: mwenye kisu butu ndiye akatwaye kidole. Butu unalisukuma kwa nguvu, likiteleza halisimami. Wenzetu wa Masasi wamezungukwa na milima ya mawe, sisi wa Newala tumekalia mchanga, basi kinoo kimoja kitunzwe na watu wengi. Kilowesheni maji, mlaze bamba kidogo, mnoe pande zote mbili sawasawa. Na hebu tuache kuchomeka kisu mchangani tunapopumzika. Mchanga unakula makali.

Nne, korosho zenyewe. Kutenganisha korosho na bibo, uzi wa nailoni ni bora kuliko kisu. Kisu kikikosea kinachanja ganda, korosho inaharibika, na mbovu chache zinaweza kulishusha daraja gunia zima. Jasho la msimu linapotea hivyo hivyo tu. Tena ganda bichi lina mafuta yanayobabua ngozi. Kisu kilichopasulia korosho mbichi kisiende kumenya muhogo wala embe la mtoto kabla hakijaoshwa kwa sabuni.

Tano, wanaobebesha miche ya mikorosho. Hapo kisu kiwe kikali kama wembe. Kikonyo kinachongwa kwa mkato mmoja laini pande zote mbili, kiingie sawasawa kwenye mpasuo wa shina, maganda yakutane. Mkato wa kukwaruza haushiki, na mche unakauka. Kisu hicho kiwe cha kazi hiyo tu, na kipanguswe kwa spiriti kabla ya kuhamia mche mwingine, tusibebe ugonjwa kwa mikono yetu wenyewe.

Mwisho ni ala. Kisu bila ala ni mtego ndani ya nyumba. Kipande cha ngozi au cha tairi kilichoshonwa kinatosha, mradi ncha isitokeze chini. Mtu akianguka na kisu mkononi, si kisu kitakacholia. Na mtoto asitumwe kukimbia nacho.

Tunapendekeza kila kikundi kichange kinoo kimoja, na tuagize visu kwa mhunzi kwa pamoja, kila kimoja kikaguliwe msuka kabla ya kulipwa. Mmoja mmoja tunauziwa mng'aro. Tukiwa wengi tutauziwa chuma.

Atakayesoma hapa ukutani amsomee jirani asiyeona vizuri.

Ushirika ni nguvu.