Nani Ana Ufunguo wa Kabati?



Nimeombwa nizungumzie jinsi usomaji wa shuleni unavyojenga mapenzi ya vitabu yanayodumu hadi uzeeni. Niseme mapema ninachoamini, ili atakayechoka njiani aondoke nacho: mapenzi hayo huota katika saa zile ambazo shule haimwulizi mtoto swali lolote. Na saa hizo ndizo tulizozipunguza kuliko zote.

Tuanze na mtu wa jirani. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alizaliwa Limuru mwaka 1938, ndani ya Kiambu hii hii yetu. Katika kumbukumbu za utoto wake, zilizochapishwa 2010, anasimulia alivyopata nakala kuukuu ya Agano la Kale kwa Kikuyu, imechanikachanika, akaisoma mpaka ikawa ulimwengu wake. Baadaye, akiwa shuleni Kinyogori, mwalimu wake Samuel Kibicho akawa anamwazima vitabu kutoka rafu yake mwenyewe. Kisa cha R. L. Stevenson cha maharamia na hazina kisiwani kilikuwa kimojawapo. Alipoingia shule ya upili ya Alliance mwaka 1955 akakuta maktaba nzima, lakini njaa alikuja nayo kutoka nyumbani. Hebu tumwangalie huyo Kibicho. Hakungoja wizara ilete vitabu. Alikuwa na vitabu vichache, na mkono usioogopa kuvitoa.

Hapa Thika tuna somo jingine ambalo hatulitazami vya kutosha. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona mjini humu miaka ya 1940, na vizazi vya Wakenya vimejifunza kusoma huko kwa nukta nundu. Kitabu cha nukta nundu ni mzigo. Riwaya inayoingia mfukoni mwa koti, ikipigwa kwa nukta nundu hugeuka majuzuu kadhaa mapana, ya karatasi nzito, ya kubebwa kwa mikono miwili. Lakini msomaji wake ana kitu ambacho wengine wetu tuliosoma bweni tungekilipia. Taa zikizimwa, sisi tulibaki kubahatisha kwa mwanga wa korido huku masikio yakisikiliza hatua za mwalimu wa zamu. Yeye kidole chake kinaendelea kutembea chini ya blanketi, mstari baada ya mstari, na hakuna wa kumwambia azime chochote. Waulizeni watu wazima wanaopenda vitabu walianzia wapi. Wengi watawatajia saa za namna hiyo, za kuibia.

Sasa tazameni tunachofanya mchana. Mtoto anapewa kitabu cha hadithi, kisha kabla hajakizoea anaambiwa aandike muhtasari, ataje wahusika na sifa zao, achomoe methali tano za kutumia kwenye insha. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulifanya jambo kubwa: Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa, kikaingia kila shule kutoka Lamu hadi Turkana. Nakipongeza kitendo hicho. Ila mtihani ulikuja na mwongozo, kijitabu kinachomchambulia mwanafunzi riwaya teule ya kutahiniwa. Nenda duka lolote la vitabu mjini Thika msimu wa kufungua shule, uone mzazi anavyonunua riwaya teule na mwongozo wake kwa pamoja. Wapo wanafunzi wanaomaliza Kidato cha Nne wameusoma mwongozo mara tatu na riwaya yenyewe hawajaifikisha katikati.

Mtaniambia kwamba riwaya teule nazo zimezaa wasomaji. Ni kweli. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, ilitahiniwa shuleni, na hadi leo kuna watu wenye watoto wao ambao ukiwatajia mhusika wake, Kongowea Mswahili, wanatabasamu. Sibishani nao. Ila jambo moja nimelishuhudia mara nyingi katika ualimu. Mtoto wa Kidato cha Kwanza anaichukua riwaya ya kaka yake kwa siri likizoni, anaimaliza usiku mmoja, na asubuhi anawasumbua watu wa nyumbani kwa kisa chake. Mpe mtoto mwingine kitabu kile kile kikiwa na maswali ya dondoo mwishoni, atakokota miguu muhula mzima.

Kuhusu uhaba wa vitabu, hali si ile ya zamani. Elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa Januari 2003 chini ya Rais Kibaki, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani, na kitabu kimoja kikagombewa na wengi. Lakini kuanzia 2015 mpango wa Tusome, wa kufundisha kusoma, uliwafikishia watoto wa madarasa ya chini kitabu cha Kiswahili na cha Kiingereza, kila mtoto na chake, na mwaka 2018 serikali ilianza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni. Vitabu vya hadithi ndivyo vilivyobaki nyuma. Navyo, tangu sheria ya 2013, vinatozwa VAT ya asilimia 16, kodi ambayo mimi naiona ni aibu.

Hata vile vichache vilivyopo, viko wapi? Viko kabatini ofisini, chini ya kufuli. Simlaumu mwalimu mkuu. Kitabu kimeandikwa kwenye daftari la mali, na kikipotea yeye ndiye atakayejibu. Mkaguzi akija, kitabu kisichoguswa ni ushahidi wa uangalifu, na kilichochakaa ni hasara. Ndivyo tunavyopata shule zenye vitabu visafi na watoto wasiosoma.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la maktaba, kwa hiyo Kiambu idaiwe maktaba mitaani, ikiwemo hapa kwetu Ngoingwa ambako nyumba na shule za binafsi zinaongezeka kila mwaka. Lakini hilo litachukua muda. Lililo mikononi mwenu, wazazi, ni dogo zaidi. Kwenye mkutano ujao wa wazazi, baada ya habari za karo, mmoja wenu asimame aulize nani ana ufunguo wa kabati. Kisha ombeni kipindi kimoja kwa wiki cha kusoma kimya, mwalimu naye akisoma chake, bila swali wala muhtasari. Na vikipotea vitabu kumi kwa mwaka, tuchange tununue vingine.