Mashine Iondoayo Mzigo



Mwezi wa Mei, mwaka 2023, mashine za kuchumia chai zilichomwa moto hapa Kericho na watu waliohofia kupoteza kazi zao. Tangu hapo, wengi wetu tukisikia neno mashine moyo hushtuka. Lakini tusichanganye mambo mawili: iko mashine iondoayo mtu, na iko iondoayo mzigo.

Tazameni toroli la gurudumu moja. Ni wenzo na gurudumu, basi. Tia gunia la kilo 60 kwenye theluthi ya kwanza ya urefu, kutoka gurudumu hadi mikono. Mikono itainua kilo 20, na 40 zitabebwa na gurudumu. Kwa hiyo mzigo uwekwe mbele, usivutwe karibu na msukumaji.

Hata njia ipandayo kilima kwa kuzungukazunguka ni mashine: hurefusha mwendo, hupunguza nguvu. Hakuna cha bure; tunalipa kwa hatua badala ya kulipa kwa mgongo.

Wazee wangu, mama zetu wangali wanabeba majani ya chai migongoni hadi kituo cha kununulia. Naomba chama kitenge fedha za matoroli, na vijana wachimbe njia zenye mteremko wa upole. Toroli halimfukuzi mchumaji shambani; humrudisha nyumbani akiwa na nguvu ya kuzungumza na watoto wake.