Uongozi wa Wanawake katika Utafiti wa Kilimo

Programu ya AWARD, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2008 kwa ajili ya wanawake wa Afrika walio katika utafiti wa kilimo, ilijengwa juu ya hoja kwamba mtaalamu wa mbegu anaweza kubobea maabarani na bado akakosa sauti pale vipaumbele vya utafiti vinapoamuliwa. Kwa sababu hiyo, mafunzo yake ya miaka 2 yaliunganisha stadi za kisayansi, kozi za uongozi na ulezi wa kitaaluma, yaani uhusiano uliopangwa ambamo mwanasayansi mzoefu humwongoza anayemfuata na kumsaidia kupanga malengo ya kazi yake. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba mshiriki naye alitakiwa kumlea mwanasayansi chipukizi, kwani ni katika kumwelekeza mwingine ndipo mtu hulazimika kuyapima maamuzi yake mwenyewe na kuyatolea sababu. Taasisi inayomrudisha mhitimu wa namna hiyo kwenye dawati lile lile, bila mamlaka wala fungu la fedha, huupoteza ukuaji huo, na hasara humfikia mkulima mwanamke anayesubiri aina ya maharage yanayoiva kwa kuni chache.