Hotuba Juu ya Nguzo za Msingi Zichimbiwazo Ardhini, na Kazi ya Karani



Halmashauri imetuomba tuseme neno juu ya misingi mirefu ya majengo, kwa kuwa wengi wetu tumeajiriwa katika ofisi za ujenzi, na kila mwezi karatasi za nguzo hupita mikononi mwetu. Sisi si wahandisi wala mafundi. Tu makarani, na maneno yetu yatakuwa ya kikarani. Lakini tumesimama mara nyingi kando ya mashimo hayo, kalamu mkononi, na twaona ya kuwa karani ana sehemu kubwa katika kazi hiyo kuliko wengi wadhanivyo.

Penye ardhi ngumu, nyumba hujengwa juu ya msingi mfupi, na yatosha. Lakini ziko mahali ambapo ardhi ya juu ni tope, au mchanga uliolegea, au ule udongo mweusi wa mbuga uvimbao masika na kupasuka kiangazi. Jengo zito likiwekwa juu yake huzama, na mara nyingi huzama upande mmoja kuliko mwingine, ndipo kuta zipasukapo. Kwa hiyo hupelekwa nguzo chini, zipite udongo mbaya hata zifike kwenye mwamba au udongo mgumu. Nguzo hubeba mzigo kwa njia mbili: kwa ncha yake ikanyagapo mwamba, na kwa ubavu wake, kwa msuguano wa udongo unaoishika.

Ziko nguzo za kupigwa, na ziko za kuchimbiwa. Ya kupigwa, iwe mti, chuma, au zege lililokwisha kukauka, hugongwa kwa nyundo kubwa ya mashine. Mji wa Venice umesimama juu ya miti ya namna hiyo kwa mamia ya miaka, kwa kuwa imezama topeni pasipo hewa. Uzuri wake ni kwamba nguzo yenyewe yaonekana kabla ya kuingia, na mapigo yaweza kuhesabiwa. Ubaya wake ni kishindo. Kule Chicago, katika jengo la Soko la Hisa lililokamilika mwaka 1894, ilihofiwa ya kuwa nyundo zingeitikisa mitambo ya kuchapia gazeti iliyokuwa katika nyumba ya jirani. (Sisi tuzungushao mashine ya stensili ya chama twawahurumia wapiga chapa hao.) Basi upande ule mhandisi William Sooy Smith akaamuru vichimbwe visima, vikajazwa zege, na desturi hiyo ikaenea katika mji ule.

Siku hizi shimo huchimbwa kwa mashine yenye keekee kubwa, pengine ya upana wa mita 1 au zaidi. Kuta za shimo hushikiliwa na bomba la chuma, ama na maji yaliyokorogwa pamoja na udongo laini uitwao bentonaiti, ambayo uzito wake huzuia kuta zisibomoke. Kina kilichoamriwa kikifikiwa, sakafu ya shimo husafishwa. Kisha kizimba cha nondo huteremshwa, na zege humiminwa kwa bomba refu lifikalo chini kabisa, ili lianze chini na kupanda, likiyasukuma yale maji mazito juu. Mdomo wa bomba haupasi kutoka ndani ya zege kabla ya kazi kwisha. Ukitoka, tope huingia kati, na nguzo huwa imekatika kiunoni bila mtu kujua.

Kazi ikiisha, lionekanalo ni kichwa tu. Yote mengine yamo katika karatasi. Mwashi akipinda ukuta, hata mpita njia humcheka. Nguzo ikipungua mita 5, hakuna ajuaye ila aliyeshika kamba ya kupimia na aliyeandika.

Jambo hili lilitokea kweli. Mwaka 1999, kule Sha Tin katika Hong Kong, majengo mawili ya serikali yenye ghorofa 34, yaliyokuwa yakijengwa ili watu wa kipato cha kawaida wanunue makazi humo, yalionekana yakizama bila usawa. Zege la nguzo lilipotobolewa hata chini, ikadhihirika ya kuwa nyingi hazikufika mwambani, na nyingine zilipungua zaidi ya mita 10. Majengo yote mawili yakabomolewa kabla mtu hajahamia, na mwaka 2000 mwenyekiti wa mamlaka ya nyumba akajiuzulu. Wakati nguzo zile zilipopokewa, karatasi zilikuwapo.

Basi karani afanye nini? Kina hupimwa kwa kamba yenye timazi. Na aitazame kamba yenyewe kabla haijatumbukizwa, mita kwa mita, kwa maana kamba iliyokatwa katikati na kuungwa tena husema uongo kwa sauti ya kweli. Na ipimwe mara mbili, mara ya kwanza uchimbaji ukiisha, na mara ya pili kabla ya kumimina zege. Kipimo cha pili kikipungua, tope limetua chini, na shimo lataka kusafishwa tena.

Kisha iko hesabu, ambayo ni silaha yetu hasa. Shimo la upana wa mita 1 na kina cha mita 20 huchukua zege mita za ujazo 15.7. Likiingia 17 si ajabu, maana kuta za shimo hazinyooki. Lakini hati za malori zikijumlishwa zikatoa 12 tu, zege hilo latosha mita 15 na kidogo. Basi ama shimo halikufika, ama kuta zimebomoka. Hesabu hii yataka penseli na dakika mbili. Wahandisi wanavyo vipimo vingine, kama kugonga kichwa cha nguzo na kusikiliza mwangwi, au kutoboa zege hata chini. Lakini kutoboa hugharimu, wala si kila nguzo hutobolewa.

Sasa twafika penye uchungu. Wako kati yetu walioletewa karatasi za juma zima siku ya Ijumaa jioni, zote kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, mashimo yote yakiwa na kina sawasawa kana kwamba mwamba umepigwa randa, wakaambiwa watie sahihi mahali pa shahidi. Aliye mgeni kazini huogopa kukataa. Mkubwa wake ana haraka, mkandarasi angoja malipo, naye ana watoto.

Kwa hiyo twaomba chama kiandike barua kwa wakuu wa ofisi za ujenzi, kisimlaumu mtu: karatasi ya nguzo ijazwe pale pale shimoni, itiwe sahihi na aliyeshika kamba, nakala ibaki kwa karani siku ile ile, pamoja na hati za malori, wala karani asitakiwe kushuhudia asichokiona. Apewe pia viatu vya mpira na koti la mvua, maana tumeona wengine wakiandika kutoka barazani kwa sababu ya matope tu. Na atakayekataa kutia sahihi kwa sababu hiyo, chama kisimame naye kwa barua, si kwa maneno ya pembeni.

Rasimu iko mezani kwa Bwana Katibu. Atakaye kuongeza neno na alilete kabla ya mkutano wa mwezi ujao.