Guru Nanak na Ibada ya Mikono

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mtu tunayemzungumzia leo alikuwa ameshatimiza miaka 360 tangu afariki. Hata hivyo ipo hospitali upande wa Pangani yenye jina lake, na tungo zake husomwa alfajiri na jioni katika mahekalu ya Masingasinga ya mji huu. Ni Guru Nanak, mshairi na mcha Mungu wa Punjab, mwanzilishi wa dini ya Usikh, yaani dini ya Masingasinga. Tukisikia habari za mtakatifu mtunga mashairi, wengi wetu humwaza mtu aliyeipa dunia kisogo, anayefunga na kukesha pangoni. Hoja yangu leo ni kwamba Nanak alifundisha kinyume cha hayo. Kwake yeye, ibada isiyofika mikononi kwa kazi halali, na isiyofika kwenye sahani ya jirani, haijawa ibada. Na ukitaka kuelewa kwa nini mafundisho yake yalishika mizizi miongoni mwa mafundi wa Nairobi, anzia hapo.

Nanak alizaliwa mwaka 1469 katika kijiji cha Talwandi, ambacho leo kinaitwa Nankana Sahib, nchini Pakistan. Wazazi wake walikuwa Wahindu. Ujanani aliajiriwa mjini Sultanpur kutunza ghala la mtawala Mwislamu, Daulat Khan Lodi: kupima nafaka na kuandika daftari. Alioa, akapata watoto wawili wa kiume. Mapokeo yanasema kwamba alipokuwa na umri wa miaka 30 hivi alitoweka mtoni kwa siku tatu, akarudi akitangaza kwamba mbele ya Mungu hakuna Mhindu wala Mwislamu. Baada ya hapo alisafiri kwa miaka mingi pamoja na Mardana, Mwislamu mpiga rababu. Mmoja akiimba, mwingine akipiga nyuzi. Lakini tazama alivyomalizia safari hizo. Hakukimbilia milimani. Alianzisha kijiji cha Kartarpur kando ya mto Ravi, akalima shamba, akaishi na familia yake na wafuasi wake hadi alipofariki mwaka 1539. Na alipochagua wa kumrithi, aliwapita wanawe wa kuzaa akamteua mfuasi aliyeitwa Lehna, akampa jina la Angad. Kwake, utumishi ulikuwa na uzito kuliko damu.

Mpinzani atasema: masimulizi haya yaliandikwa na wafuasi baada ya yeye kufa, na wafuasi hupamba. Ni kweli, na mwanahistoria hana budi kulikubali hilo. Ndiyo maana ushahidi wenye nguvu zaidi tunautafuta katika tungo zenyewe. Tungo 974 za Nanak zimo katika kitabu kitakatifu cha Masingasinga, ambacho Guru wa tano kuanzia Nanak, Arjan, alikikusanya mwaka 1604. Humo Nanak anawakemea wanaojiita walimu wa dini kisha wakazunguka kuomba chakula milangoni, na anasema kwamba njia ya kweli anaijua yule anayekula jasho lake na kuwagawia wengine. Anauliza mwanamke atadharauliwaje ilhali hata wafalme wamezaliwa naye. Mtawala Babur alipoivamia India, Nanak hakujificha nyuma ya sala. Aliwalilia raia waliouawa na wanawake waliodhalilishwa, akathubutu hata kumuuliza Mungu kama hakuuona uchungu huo. Mojawapo ya tungo hizo inamtaja kwa jina Lalo, ambaye mapokeo yanamtambulisha kuwa fundi seremala maskini. Mapokeo yanaongeza kwamba Nanak aliukataa mwaliko wa tajiri mkubwa akachagua mkate wa Lalo. Tukiiweka hadithi ya mwaliko kando, jina la Lalo bado linabaki ndani ya utungo. Isitoshe, kitabu hichohicho kina tungo za Kabir aliyekuwa mfumaji, za Ravidas aliyekuwa fundi wa ngozi, na za Sheikh Farid, Sufi Mwislamu.

Sasa turudi kwetu. Kati ya 1896 na 1901, vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli, na 2,500 hivi walifia kazini. Masingasinga wengi miongoni mwao walikuwa maseremala, wahunzi na waashi, yaani watu wa ufundi wa Lalo. Huko Punjab, wenye mashamba waliwatazama mafundi hawa kama watu wa chini. Kwa nini basi walimng'ang'ania Nanak hata ng'ambo ya bahari? Kwa sababu alikuwa ameipa heshima ya ibada kazi iliyowaletea dharau. Na walikuja na jiko lake, linaloitwa langari. Ukiingia hekaluni unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi chini mkekani katika safu. Mhudumu anapita na ndoo ya dengu. Chapati unaipokea kwa viganja viwili vilivyokunjuliwa. Hakuna kiti cha mgeni rasmi, na anayeosha masufuria huenda ndiye mwenye kiwanda.

Hapa pingamizi zito zaidi linakuja, na linatoka kwa wakazi wa Nairobi wenyewe. Wakati wa ukoloni mji huu uligawanywa kwa rangi: Kileleshwa na Lavington kwa Wazungu, Ngara na Parklands kwa Waasia, Kaloleni na Pumwani kwa Waafrika. Je, langari iliuvunja ukuta huo? Haikuuvunja. Tena baadhi ya mahekalu yalijengwa kwa kufuata nasaba za ufundi, jambo ambalo Nanak mwenyewe alilipinga. Silifichi hilo. Lakini mafundisho yanayowahukumu wafuasi wake hayajashindwa, yamewaachia kipimo. Na wapo waliokikaribia kipimo hicho. Makhan Singh, mwana wa fundi wa reli, aliyetunga mashairi kwa Kipunjabi, alijenga chama cha wafanyakazi kisichobagua rangi. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alidai uhuru hadharani, akalipa kwa kuzuiliwa miaka zaidi ya 11. Siasa zake zilikuwa za kikomunisti na sidai kwamba alizitoa kwa Nanak. Nasema tu kwamba mtoto aliyelelewa katika nyumba ya fundi Msingasinga hakuhitaji kufundishwa upya kwamba kazi ina heshima.

Wengine husema kugawa chakula ni hisani tu, na hisani haibadilishi dunia. Ingekuwa kweli kama Nanak angetuagiza tuwapitishie maskini chakula dirishani. Yeye aliagiza tuketi nao, na tofauti ni kubwa, kwa maana hisani humwacha mtoaji juu na mpokeaji chini, ilhali safu ya langari huwaweka wote sakafuni. Nairobi ya leo, yenye magorofa ya Westlands na vibanda vya Kangemi vilivyotenganishwa na mwendo mfupi wa matatu, ina wahubiri wengi na sala nyingi. Inachokosa ni mahali pa kutosha ambapo tajiri na mkata wanakula pamoja bila kuulizana majina. Nanak alituonyesha kwamba mahali hapo panaweza kujengwa, na hapahitaji muujiza: panahitaji jiko, mkeka na watu walio tayari kuosha vyombo.