Tunduma na Nakonde: Tuimbe Pamoja

Asubuhi moja nilikuwa Tunduma, kando ya mpaka, nikasikia watoto wa shule wakiimba wimbo wa taifa. Kama nilivyofundishwa tangu utoto, nikasimama wima. Kijana mmoja mbadilisha fedha akacheka. "Mzee, hao ni wa ng'ambo, wa Nakonde. Unausimamia wimbo wa Zambia." Nikatega sikio. Kweli, maneno yalikuwa ya Kiingereza, lakini sauti ilikuwa ile ile ya Mungu Ibariki Afrika.

Sikuona aibu. Sauti hiyo ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya wa Afrika Kusini. Tanganyika iliichukua ilipopata uhuru mwaka 1961, Zambia ikaichukua mwaka 1964, na kila nchi ikatia maneno yake. Afrika Kusini yenyewe iliufanya wimbo wa taifa mwaka 1994, ubaguzi ulipoanguka.

Ndipo nilipojiuliza: kwa nini mji kama Tunduma usiwe na kwaya ya mji? Sisemi kwaya ya kanisa wala ya chama. Hizo tunazo. Nasema kwaya ya wakazi wanaoimba nyimbo za wenzao. Wapo Wanyamwanga, ambao mpaka uliwakata katikati, ndugu huku na ndugu kule. Wapo Wanyiha wa Mbozi na Wandali wa Ileje. Wapo madereva wa malori yaendayo Lusaka, Lubumbashi na Harare, wanaolala pale wakisubiri karatasi zao. Waimbaji wapo, na nyimbo zipo.

Najua wapo watakaouliza: nyimbo za kigeni za nini, nasi tuna zetu? Lakini hata hiyo kwaya ya soprano, alto, teno na besi tuliletewa na wamisionari. Wamoraviani waliofika Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891 walikuja na nyimbo za kwao Ujerumani. Nasi tumewalipa. Mwaka 1966 Mtanzania mwenzetu, Bernard Kyamanywa, aliandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya. Leo Wajerumani wanauimba kwa lugha yao, tena umo katika kitabu chao cha nyimbo za kanisani. Sijasikia Mjerumani aliyepungukiwa na kitu kwa kuuimba.

Ndugu msikilizaji, huwezi kuujua wimbo wa mwenzako bila kumwuliza. Neno hili hutamkwaje? Maana yake nini? Huimbwa harusini au msibani? Sokoni mtu huyo ni mteja, kwenye foleni ya forodha ni mgeni. Kwa saa ile ya mazoezi yeye ndiye mwalimu, na wewe ni mwanafunzi wake.

Jambo hili si la starehe tu. Oktoba 2019 marais wa nchi zetu mbili walizindua kituo cha pamoja cha mpakani ili kupunguza foleni. Mei 2020 Zambia ikaufunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache kwa sababu ya korona. Nakumbuka lugha ya vijiweni siku zile: "hao", "wale", "ndio wanaotuletea". Watu walionunua na kuuziana kila siku wakawa hawajuani tena. Jengo zuri la forodha linapunguza foleni, lakini haliwezi kuondoa shaka iliyomo moyoni mwa jirani.

Kuanza si kazi kubwa. Unatakiwa ukumbi mmoja, jioni moja kwa wiki, mwalimu mmoja mwenye subira, na kila mwimbaji aje na wimbo mmoja wa kwao. Wasihangaike kutafuta wa kuanzia. Sauti yake pande zote mbili wanaijua tangu darasa la kwanza.